Mkuu wa Shule Asiyeshika Ufunguo wa Hazina

Septemba 2025, Ryan Walters alipotangaza kwamba anaachia kiti cha Mkuu wa Shule za Umma wa jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, ili akaongoze taasisi inayoshindana na vyama vya walimu, wachambuzi wengi walifikia hitimisho jepesi: tatizo ni uchaguzi wenyewe. Mtu aliyepewa kiti hicho kwa kura mwaka 2022, walisema, alikigeuza jukwaa la kampeni isiyokwisha. Akaagiza Biblia ifundishwe madarasani, akataka shule zikusanye taarifa za uhamiaji za wazazi, akagombana na Gavana aliyemwingiza serikalini, kisha akaondoka kabla muhula haujaisha. Kwa hiyo kazi hiyo iondolewe mikononi mwa wapiga kura, Gavana ateue mtaalamu. Mwaka huu wa 2026, Oklahoma inapochagua mkuu mpya, huku California, Georgia, Arizona na majimbo mengine nayo yakichagua wakuu wao, hoja hiyo imerudi kwa nguvu. Upande wa pili wamesimama wanaoamini kwamba kura hii ndiyo itakayoamua mtoto asome nini na mwalimu alipwe kiasi gani. Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinadhani uchaguzi huu unamkabidhi mtu usukani. Haumkabidhi. Unachowapa wananchi ni breki, na pamoja na breki hiyo unawapa kipimo cha maoni yao kuhusu shule ambacho ni vigumu kukipata mahali pengine. Hicho kinatosha kuufanya uendelee kuwapo, pamoja na kasoro zake zote, ambazo si chache.

Ni vema kwanza tukielewe cheo chenyewe, kwa sababu jina lake linapotosha. Huyu si mwalimu mkuu, wala si waziri kwa maana tunayoijua Dar es Salaam au Nairobi, ambako Rais humteua waziri wa elimu na humwondoa apendapo. Jamaa yangu anayeishi Greensboro, North Carolina, aliyepiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2024 baada ya kupata uraia, alinipigia simu akiuliza kwa nini karatasi ya kura inamtaka achague “waziri wa elimu” ilhali kura ya bodi ya shule ya wilaya yake nayo ipo. Swali lake lilikuwa la msingi kuliko alivyodhani. Kati ya majimbo 50 ya Marekani, 12 tu humchagua kiongozi huyu kwa kura za wananchi wote wa jimbo. Kwingineko huteuliwa na Gavana au na bodi ya elimu. Anakuwa mtendaji mkuu wa idara ya elimu ya jimbo, idara inayogawa fedha zilizokwisha kuidhinishwa, kusimamia mitihani ya jimbo, kutoa leseni za walimu au kuishauri bodi inayozitoa, na kuandika taarifa ndefu ambazo watu wachache huzisoma. Msomaji wa Tanzania anayejua kwamba sera ni ya Wizara ya Elimu, shule za msingi na sekondari ziko chini ya TAMISEMI, mtaala ni wa Taasisi ya Elimu na mitihani ni ya Baraza la Mitihani, au wa Kenya anayejua kwamba mwajiri wa walimu ni Tume ya Huduma za Walimu na si Wizara, hatapata tabu kuelewa jinsi mamlaka ya elimu yanavyoweza kugawanywa mpaka mwenye cheo kikubwa akajikuta na kazi ndogo.

Historia ya cheo hiki inaeleza kwa nini kimekaa hivi. Karne ya 19 Wamarekani wa majimbo mengi walikuwa na shaka kubwa na magavana, wakaamua kuwatawanyia wananchi kura za vyeo vingi iwezekanavyo: mweka hazina, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria mkuu na mkuu wa shule. California iliandika uchaguzi wa mkuu wa shule katika katiba yake ya kwanza ya mwaka 1849. North Carolina ilifanya hivyo katika katiba ya mwaka 1868, iliyotungwa baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe na kwa ushiriki wa wajumbe weusi waliokuwa na sababu zote za kutaka elimu ya umma iwe haki iliyoandikwa na si hisani ya mtawala. Na kuna jambo moja ambalo wanaokidharau cheo hiki hulisahau. Kwa kuwa baadhi ya majimbo yaliwaruhusu wanawake kupiga kura katika mambo ya shule kabla ya kuwaruhusu katika mengine, cheo hiki kilikuwa mlango wao wa kwanza. Laura Eisenhuth alichaguliwa kuwa mkuu wa shule wa North Dakota mwaka 1892, mwanamke wa kwanza nchini humo kushinda uchaguzi wa jimbo zima, na miaka miwili baadaye Estelle Reel akachaguliwa Wyoming. Haikuwa bahati. Watawala waliona kazi ya shule ni ndogo kiasi cha kuwaachia wanawake, na udogo huohuo ndio uliowapa nafasi.

Tuje kwenye mamlaka. Shule za umma za Marekani zinaendeshwa na takribani wilaya za shule 13,000, nyingi zikiwa na bodi zake zilizochaguliwa, zinazoajiri walimu, kupanga ratiba, na mara nyingi kuchagua vitabu. Fedha hutoka sehemu kubwa kwa Bunge la jimbo na kodi za majengo za mahali, na takribani asilimia 10 hutoka serikali kuu ya Washington. Mkuu wa shule wa jimbo hana fungu lake mwenyewe; anagawa alichopewa kwa kanuni alizopewa. Huko North Carolina hana hata kura katika Bodi ya Elimu ya Jimbo: yeye ni katibu na mtendaji mkuu wake, wakati wajumbe wenye kura ni naibu gavana, mweka hazina wa jimbo, na watu 11 wanaoteuliwa na Gavana kwa idhini ya Bunge. California ina sura nyingine ya jambo hilohilo: Gavana huteua bodi inayotunga sera, kisha mkuu aliyechaguliwa na wananchi anapewa idara ya kuitekeleza sera ambayo huenda aliipinga katika kampeni.

Hata Walters, ambaye adui zake na marafiki zake wote walimchora kama mtu mwenye nguvu za kutisha, ni ushahidi wa jambo hili ukimtazama kwa utulivu. Alitoa agizo la Biblia Juni 2024. Wilaya kadhaa za shule zikasema waziwazi kwamba hazitabadilisha mitaala yao. Akaliomba Bunge dola milioni 3 za kununulia Biblia, Bunge ambalo chama chake mwenyewe cha Republican kina wingi mkubwa ndani yake, lisimpe. Machi 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya Oklahoma ikasimamisha kwa muda ununuzi wenyewe. Bodi ya Elimu aliyokuwa mwenyekiti wake ilipopitisha kanuni ya kuuliza uraia wa wazazi, Gavana Kevin Stitt aliwaondoa wajumbe watatu wa bodi hiyo Februari 2025 na kuweka wengine, na kanuni hiyo haikupata baraka za Bunge. Alipoondoka, Gavana akamteua Lindel Fields, na ndani ya wiki chache agizo la Biblia lilifutwa. Hayo ndiyo yaliyobaki ya tufani nzima. Sisemi hakukuwa na madhara. Walimu waliotishwa kwa kupokonywa leseni na wazazi waliojaa hofu hawahitaji kuambiwa na mtu aliye mbali kwamba yalikuwa maneno tu. Nasema kwamba kilichofanya kelele kiwe na nguvu ni kipaza sauti, na kipaza sauti hakiondoki kwa kubadilisha namna ya kumpata anayekishika.

Wanaotaka uteuzi wana hoja nzito, na ni haki tuzisikilize zikiwa katika umbo lake bora. Ya kwanza ni ya uwajibikaji: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Indiana ilionja hali hiyo. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo hilo walimchagua Mike Pence wa Republican kuwa Gavana, na siku hiyohiyo wakamchagua Glenda Ritz wa Democratic, mwalimu wa maktaba, kuwa mkuu wa shule. Miaka minne iliyofuata ilikuwa ya vikao vilivyovunjika: Ritz aliwashtaki wajumbe wa bodi waliokuwa wateule wa Gavana, akatoka nje ya kikao, Gavana akaunda ofisi yake pembeni ya kushughulikia elimu kisha akaivunja, na hatimaye Bunge likabadilisha sheria ili bodi ijichagulie mwenyekiti wake yenyewe. Mzazi aliyetaka kujua nani amsute kwa mitihani iliyovurugika alikuwa na majina manne ya kuchagua. Hoja ya pili ni ya utaalamu, na hapa mfano ni Mississippi. Jimbo hilo liliondoa uchaguzi wa mkuu wa shule katika mageuzi ya mwaka 1982 chini ya Gavana William Winter, likaipa bodi kazi ya kumtafuta. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria ya kusoma kwa watoto wa darasa la tatu, mwaka huohuo bodi ikamleta Carey Wright kutoka nje ya jimbo, naye akakaa karibu miaka tisa akiitekeleza. Mississippi iliyokuwa ya 49 katika usomaji wa darasa la nne kwenye upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ilifika nafasi ya 9 mwaka 2024. Mgombea wa kura za wananchi lazima awe mkazi wa jimbo, lazima ajue kuomba fedha za kampeni, na lazima arudi kuomba kura baada ya miaka minne. Wright hakulazimika kufanya lolote kati ya hayo.

Hoja hii ya Mississippi inanipa taabu kuliko zote, na sidhani ina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba uteuzi ulikuwa sharti lililosaidia, si chanzo. New Mexico nayo iliupigia kura mfumo wa waziri wa elimu anayeteuliwa na Gavana mwaka 2003, na katika upimaji huohuo wa mwaka 2024 ilikuwa mkiani kabisa. Kilichoitofautisha Mississippi ni sheria moja iliyoeleweka, fedha za kuwapeleka wakufunzi wa usomaji shuleni, na uvumilivu wa miaka kumi. Mambo ambayo funguo zake zote ziko bungeni. Mkuu aliyechaguliwa akipewa Bunge la namna hiyo hana cha kumzuia, na mteule akinyimwa Bunge la namna hiyo hana cha kufanya.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile isemayo kwamba uteuzi unaondoa siasa shuleni. Mtu anayeitoa aangalie Florida, iliyoacha kumchagua kiongozi wake wa elimu mwaka 2003. Manny Diaz Jr. alitoka moja kwa moja katika kiti cha useneta wa jimbo kwa tiketi ya Republican kwenda kuwa kamishna wa elimu mwaka 2022, na aliyemfuata mwaka 2025, Anastasios Kamoutsas, alitoka katika ofisi ya Gavana Ron DeSantis. Au aangalie safari ya Tony Bennett. Huyu ndiye mkuu wa shule wa Indiana aliyeangushwa na Ritz Novemba 2012. Mwezi uliofuata tu, mtu aliyekuwa amekataliwa na wapiga kura wa jimbo la watu wanaopigia Republican kura kwa mazoea aliteuliwa kuwa kamishna wa elimu wa Florida. Agosti 2013 alijiuzulu huko pia, baada ya kufichuka kwa barua pepe zilizoonyesha jinsi daraja la ufaulu la shule iliyoanzishwa na mfadhili wa chama chake lilivyopandishwa alipokuwa Indiana. Yeye alishikilia kwamba hakutenda kosa. Siasa haikuondoka hata siku moja. Iliingia ofisini kwa mlango wa nyuma, mahali ambapo mpiga kura hana nafasi ya kusimama.

Inayokaribiana nayo, ingawa ina ukweli zaidi, ni hoja kwamba wapiga kura hawawajui wagombea na huchagua herufi ya chama. Ni kweli kwamba jina la mkuu wa shule huwa chini katika karatasi ndefu ya kura, na kwamba wengi huchoka kabla ya kulifikia. Lakini kama wote wangekuwa wanafuata herufi, Ritz asingepata Indiana kura nyingi kuliko Pence mwenyewe, ilhali alikuwa na fedha chache mno kuliko mpinzani wake. Walimu walimfanyia kampeni kwa kupigiana simu na kuandikiana. Na North Carolina ya mwaka 2024 isingekuwa ilivyokuwa. Mchujo wa Republican wa Machi mwaka huo ulimwangusha mkuu aliyekuwa madarakani, Catherine Truitt, na kumsimamisha Michele Morrow, muuguzi aliyewafundishia watoto wake nyumbani, aliyewahi kuziita shule za umma vituo vya kuwatia watoto itikadi, na ambaye mwaka 2020 aliandika mtandaoni akitaka Barack Obama auawe hadharani. Novemba, wapiga kura wa jimbo hilo walimpa Donald Trump takribani asilimia 51 ya kura, na kwenye karatasi hiyohiyo wakampa Mo Green wa Democratic, aliyewahi kuongoza shule za wilaya ya Guilford, takribani asilimia 51. Maelfu kwa maelfu ya watu walimpigia Trump juu, wakateremsha kalamu mpaka chini, wakasema hapa hapana. Unaweza kuwalaumu wapiga kura kwa mengi, lakini si kwa kutokusoma.

Kisa hichohicho, lakini, kinatuonyesha ugonjwa ulipo. Haupo katika uchaguzi mkuu bali katika mchujo, ambako wapiga kura wachache wenye hasira hujitokeza Machi au Juni na kumtoa msimamizi wa kawaida, wa chama chao wenyewe, kwa kuwa hakupiga kelele vya kutosha. Wisconsin imejikinga kwa sehemu: kura yake ya mkuu wa shule hufanyika Aprili, haina vyama kwenye karatasi, na wote hupambana katika mchujo mmoja. Jill Underly alirudi madarakani kwa njia hiyo Aprili 2025, licha ya manung'uniko, hata ya Gavana Tony Evers aliyewahi kukikalia kiti hichohicho, kuhusu jinsi idara yake ilivyobadilisha vipimo vya ufaulu. Hata hivyo, kukosa herufi ya chama hakuzuii vyama na fedha zao. Shindano la California la mwaka 2018 kati ya Tony Thurmond na Marshall Tuck, ambalo rasmi halikuwa la vyama na wote wawili walikuwa Democratic, lilimeza zaidi ya dola milioni 50, nyingi zikitoka kwa vyama vya walimu upande mmoja na kwa matajiri wanaounga mkono shule za umma zinazoendeshwa na taasisi binafsi upande mwingine. Fedha zote hizo kwa ajili ya kiti kisicho na fungu! Wanaosema kwamba uchaguzi huu humweka mkuu wa shule karibu na wazazi wanapaswa kueleza mzazi yupi alitoa hizo.

Sasa nirudi kwenye kile nilichokiita kipimo, kwa kuwa ndiko uzito wa hoja yangu ulipo. Mabunge ya majimbo ndiyo yenye hazina ya elimu, lakini wabunge huchaguliwa katika majimbo madogo ya uchaguzi ambayo mipaka yake, mahali pengi, imechorwa na wabunge wenyewe. North Carolina ilichora upya ramani zake mwaka 2023 chini ya wingi wa Republican, na katika maeneo mengi mshindi hujulikana kabla sanduku la kura halijafunguliwa. Mzazi anayeishi katika eneo la namna hiyo anaweza kuchukia vocha za kuwalipia watoto ada katika shule binafsi, au kuzipenda kupita kiasi; kura yake ya ubunge haitasema lolote. Kura ya jimbo zima haichoreki. Mpaka wake ni mpaka wa jimbo. Gavana naye huchaguliwa hivyo, bila shaka, lakini kura ya Gavana hubeba mambo ishirini kwa pamoja: kodi, utoaji mimba, barabara, sura ya mgombea. Kura ya mkuu wa shule hubeba jambo moja. Ritz alipomshinda Bennett, Indiana ilisema kitu mahususi kuhusu vocha, madaraja ya shule na mitihani, huku siku hiyohiyo ikimchagua Gavana wa Republican. Hakuna utafiti wa maoni unaoweza kupata wajibu maswali milioni mbili na nusu.

Wabunge wenyewe wanajua uzito wa kipimo hiki, ndiyo maana wanakishambulia. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Desemba 2016, baada ya Roy Cooper wa Democratic kushinda ugavana wa North Carolina na Mark Johnson wa Republican kushinda kiti cha shule, Bunge la Republican lilikutana haraka na kuhamisha mamlaka kutoka Bodi ya Elimu kwenda kwa Johnson. Bodi ilikwenda mahakamani na ikashindwa mwaka 2018. Miaka minane baada ya ushindi wa Johnson, Green wa Democratic alipokishinda kiti kilekile, Bunge lilelile lilipitisha Desemba 2024 sheria iliyopunguza mamlaka ya viongozi kadhaa wa Democratic waliokuwa wamechaguliwa, akiwemo yeye, na kuithibitisha licha ya kura ya turufu ya Gavana. Akiwa wetu, tumjaze. Akiwa wao, tumpukutishe. Wyoming ilijaribu jambo hilohilo dhidi ya mkuu wa chama chenyewe: Bunge la Republican lilimpokonya Cindy Hill, wa Republican, karibu kazi zote mwaka 2013 na kumkabidhi mkurugenzi wa kuteuliwa, mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo ilipotamka Januari 2014 kwamba katiba haikuruhusu. Na Indiana, baada ya Ritz kushindwa mwaka 2016, ilimpata Jennifer McCormick wa Republican, ambaye naye akaanza kuhoji fedha za shule binafsi. Safari hii Bunge halikusubiri. Lilifuta uchaguzi wenyewe, na tangu Januari 2021 kiongozi wa elimu wa Indiana anateuliwa na Gavana. McCormick alihamia Democratic, akagombea ugavana mwaka 2024, akashindwa. Ukizitazama hatua hizi kwa pamoja, ni vigumu kuamini kwamba zilisukumwa na kiu ya utaalamu.

Wananchi walipoulizwa wenyewe, walijibu. South Carolina iliwapelekea Novemba 2018 pendekezo la kubadilisha katiba ili Gavana amteue mkuu wa shule. Mkuu aliyekuwapo, Molly Spearman, aliliunga mkono, maana yake alikuwa tayari kupoteza kura zake mwenyewe. Wapiga kura walilikataa kwa wingi mkubwa. Nadhani walikuwa na sababu nzuri kuliko wanavyodhaniwa, ijapokuwa sitadai kwamba kila mmoja wao aliifikiria.

Haya yote yana maana gani kwa chaguzi za mwaka huu? Kwanza, ahadi za wagombea zisomwe kwa kuuliza nani ana kalamu ya kuzitia saini. Mgombea wa Oklahoma au Georgia anayeahidi kupandisha mishahara ya walimu anaahidi mali ya Bunge. Anayeahidi kutoa leseni kwa wakati, kusahihisha mitihani kwa kanuni zisizobadilika katikati ya mwaka, kupeleka fedha za watoto wenye ulemavu wilayani bila kuchelewa, huyo anaahidi kilicho chake, hata kama ahadi hiyo haijazi ukumbi. Pili, wanaotaka kurekebisha mfumo waanzie kwenye mchujo, na kwenye katiba inayosema mamlaka ya cheo hiki ni yapi ili yasipandishwe na kushushwa kila chama kinapobadilika. Wyoming iliokolewa na katiba, North Carolina haikuokolewa. Tatu, kuna jambo linalotoka Washington. Rais Trump alitia saini Machi 2025 amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya Marekani kwa kauli ya kuirudisha elimu majimboni, na Julai mwaka huo Mahakama Kuu Kabisa iliruhusu upunguzaji wa wafanyakazi wake uendelee. Kuifuta wizara kabisa ni kazi ya Bunge la Marekani, lakini wakaguzi waliokuwa wakifuatilia haki za watoto wenye ulemavu na matumizi ya fedha za shule za maskini wamepungua tayari. Kazi hiyo, au kuachwa kwake, inateremkia idara za majimbo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kiti ambacho kilikuwa na sauti kubwa na kazi ndogo huenda kikapata kazi ambayo hakuna aliyekiandalia watu wa kuifanya wala fedha.

Jamaa yangu wa Greensboro alimpigia kura Green, kwa sababu mwanawe wa kwanza alianza shule wilayani Guilford enzi za uongozi wake na yeye aliridhika. Wiki mbili baada ya kushangilia ushindi, Bunge la jimbo lilipindua kura ya turufu ya Gavana na kuidhinisha mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya vocha za shule binafsi. Akanipigia tena kuuliza kama Green angeweza kuzuia. Nilimwambia hapana, na nikamuuliza mbunge wa eneo lake anaitwa nani. Hakulijua jina, na mimi pia sikulijua.